Amechuja au Amechujuka?

Vijana wa Kayanga wana neno moja la kumzikia mwanamuziki angali hai: "amechuja". Katika Kiswahili cha kamusi, nguo iliyopoteza rangi imechujuka. Ni hali iliyoipata. Mtaani kiambishi kimedondoshwa na msanii akageuzwa mtenda, kana kwamba rangi ameitoa mwenyewe kwa kukusudia. Nimefundisha mnyambuliko wa vitenzi miaka mingi, na kila nilisikiapo neno hilo nasikia hukumu iliyotolewa bila mshtakiwa kusikilizwa.

Mtazameni Profesa Jay. Mwaka 2001 alitoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu, na wimbo wake "Ndio Mzee" ukafika hadi katika mabweni yetu huku karibu na mpaka wa Uganda. Ni kejeli ya mgombea aahidiye yasiyowezekana, na umati unaoitikia kila ahadi. Nilikuwa nikihangaika kufundisha kejeli kwa mifano ya vitabuni. Wanafunzi wakaniletea wao mfano ulio hai. Mwaka 2015 mtunzi huyo akachaguliwa mbunge wa Mikumi; mwaka 2020 akashindwa. Sugu, aliyemtangulia bungeni mwaka 2010 kwa kura za Mbeya Mjini, alianguka katika uchaguzi huohuo. Wapo wasemao kwamba walikimbilia siasa kwa kuwa walikwisha kuchuja. Nawapinga. Aliyezoea kuwasema wakubwa kwa ghani ana haki ya kwenda kuwasema ana kwa ana, hata kama (na hili nalikiri kwa huzuni) ushairi utakosa mtu.

Juma Nature wa Temeke ana mkasa mwingine. Kundi la TMK Wanaume liligawanyika, Halisi huku na Family kule, lakini sidhani kwamba hilo ndilo lililompunguzia wasikilizaji. Uchawi wake ulikuwa katika matamshi na misimu ya mtaa, na misimu huzeeka upesi kuliko mwenye kuisema. Ngwair yeye hakupewa nafasi ya kuzeeka: alifariki Johannesburg tarehe 28 Mei 2013. Husemwa kwamba kifo kilimwepusha na kushuka. Ni faraja mbaya hiyo. Ningependa kumsikia akiwa na mvi.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa tuna kipimo cha zamani zaidi. Muziki wa kufokafoka ulipoingia, wazee hawakuushangaa sana, kwa kuwa walikuwa na majigambo yao: mtu husimama mbele ya hadhira, mkuki mkononi, akajisifu kwa kasi hadi pumzi imwishie. Mzee aliyejigamba vema ujanani hatakiwi kutunga majigambo mapya kila msimu. Huitwa harusini aghani yale yale, na akikosea neno, wajukuu humkumbusha. Redio haina subira hiyo. Inataka kipya kila wiki, kisha inamlaumu mtunzi kwa kuishiwa.

Profesa Jay alipolazwa Muhimbili kwa muda mrefu mwaka 2022, nilimsikia jirani yangu, aliyekuwa hodari wa kutamka "amechuja", akiuliza kila jioni kama kuna habari zake. Na katika harusi moja kule Nkwenda, mwaka uliofuata, mpiga muziki aliuweka "Ndio Mzee". Vijana ambao mwaka 2001 hawakuwa wamezaliwa waliitikia pale pote panapotakiwa, wakicheka, huku diwani mmoja akitazama sahani yake.