Marahaba ya Mjomba

Mjomba wangu alipopigwa na kiharusi, neno moja tu lilibaki zima kinywani mwake: marahaba. Kila aliyeingia uani kwetu Utende kumjulia hali, hata waliovuka kwa mashua kutoka Chole, alimwamkia, naye akaitika kwa sauti ile ile ya zamani. Mgeni akatoka akisema mzee hajambo, kauli anayo. Nasi tukaamini. Kumbe yaliyokuwa yakiitika ni mazoea. Alipoulizwa jina lake, mtu huyu aliyezoea kumaliza beti kumi kabla kahawa haijapoa alibaki akitutazama.

Nilikuwapo siku mtaalamu wa fiziotherapia alipompima. Nguvu za msuli hupewa alama kutoka 0 hadi 5: 0 msuli haukazi kabisa, 1 unashtuka kidogo bila kiungo kusogea, 3 kiungo kinainuka kwa kuushinda uzito wake chenyewe, 5 ni nguvu kamili. Mkono wa kulia wa mjomba ulipata 2. Ulisogea juu ya godoro, lakini haukuinuka. Ni wa kulia kwa sababu jeraha lilikuwa upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko yaliko makao ya lugha. Paul Broca alilieleza jeraha la namna hiyo mjini Paris mwaka 1861, baada ya kufa kwa mgonjwa ambaye kauli yake ilikuwa karibu yote silabi moja, "tan".

Hapo ndipo Kiswahili nacho kilipotiwa mtihanini. Ili ajue kama mgonjwa anaelewa, binti yule aliugusa mkono mzima, wa kushoto, akasema: "Fungua mkono." Mjomba akaunyoosha wote mbele, kutoka begani, ngumi imefumbwa. Binti akaanza kuandika, na moyo ukanipiga. Mkono wetu huanzia begani ukaishia kwenye ncha za vidole. Fomu ikitafsiriwa neno kwa neno, mkono huwa mtego. Nikaomba radhi, nikasema: "Mwambie afumbue kitanga." Akamwambia. Kitanga kikafumbuka papo hapo. Kwa mtu aliyeishi kwa kutunga mafumbo, kufumba na kufumbua ni maneno ya kazi. Binti akafuta alichoandika.

Likafuata la kusikia. Mjomba akiwa amefumba macho, aliguswa kwa kipande cha pamba mkono wa kulia, akaulizwa: "Unasikia?" Akaitikia kwa kichwa. Akaitikia hata pamba ilipokuwa hewani. Sisi husikia baridi, husikia njaa, husikia maumivu, na sauti vilevile. Huenda alikuwa akijibu kwamba swali limemfikia. Binti (alikuwa mwerevu, na mwepesi wa kujisahihisha) akabadili njia: kila akiguswa, ainue kidole cha kushoto. Ganzi ikaonekana, kubwa kuliko tulivyodhani.

Nyumbani tulibaki na kazi ya maneno. Tangu miaka ya 1970, wataalamu wa Boston wamewafundisha wagonjwa wa aina hii kutamka kwa mahadhi, huku mkono wa kushoto ukigonga kila silabi. Mshairi atalitambua zoezi hilo; kwetu ni kuhesabu mizani. Kila jioni mjomba hugonga goti, nane, kisha nane, na shairi lake la ujanani humtoka lote bila kukwama. Likiisha, hawezi kuomba maji.

Basi nikachukua ni-pe-ma-ji, mizani nne, nusu ya kipande, nikaitia katika mahadhi yake mwenyewe. Wiki mbili alinitazama kama anavyotazamwa mwanagenzi aliyekosea vina. Juzi akaiimba yote, akigonga goti, kikombe kimejaa mbele yake. Nikakimwaga, nikakijaza upya.