Nyumba Yetu, Shamba la Mwenyewe

Kila mwisho wa mwaka Nyanya alivaa buibui, akafunga pesa kwenye pindo la leso, akanishika mkono tukaenda kwa mwenye shamba. Nyumba yetu ya Kisauni ilikuwa yetu hasa: vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, uani na choo nyuma. Ardhi iliyoibeba ilikuwa ya mtu mwingine. Mtu wa Mombasa haoni ajabu hapo; ni mgeni kutoka bara anayeuliza mara mbili. Nyumba unaijenga, unaipangisha, unairithisha, hata kuiuza unaiuza, lakini kiwanja unakilipia kodi. Nyanya alipewa risiti, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, yakaisha hadi mwaka mwingine.

Sharti lilikuwa moja, wala halikuandikwa popote: usijenge kwa mawe. Fito na boriti za mikoko, udongo wa kukandika, makuti juu, basi. Utotoni nilidhani ni ufukara wetu tu. Nilipokua nikafahamu kwamba ukuta wa mawe ni madai, na aliyejenga kwa mawe hang'oki kirahisi. Sisi kila masika tulikandika upya, na kila tukikandika tulikumbuka tuko kwa hisani.

Jambo hili lina mzizi mrefu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya kusajili ardhi katika ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Waliojua ofisi na karatasi wakaandikisha. Wengi waliokuwa wakilima bila karatasi hawakuandikisha, na kisichodaiwa kikahesabiwa cha serikali. Wajukuu wao ndio tunaowaita maskwota.

Hata hivyo vyumba vile sita vilisitiri watu. Kimoja alikaa kuli wa bandarini, kingine mama muuza viazi karai na wanawe watatu, kingine fundi cherehani aliyelipa kodi siku alipopata. Nyumba za bei nafuu za Mombasa zilikuwa hizo, kabla serikali haijalijua neno lenyewe.

Daraja jipya la Nyali lilifunguliwa 1980, lile la kuelea likapumzishwa, na Kisauni ikawa jirani ya mjini. Makuti yakaanza kupisha mabati. Kuna majirani walioanza kupanga mawe usiku, chumba kwa chumba, nyuma ya kiambaza cha udongo, hata asubuhi moja udongo ukabanduliwa na nyumba ya mawe ikasimama. Nyanya hakuthubutu. Alisema ameshikana mkono na mtu.

Shangazi yangu alikuwa Likoni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu wakauawa, na katika machafuko yaliyofuata Evanson Waitiki akaliacha shamba lake la ekari 930. Watu wakaingia. Shangazi alifika baadaye, akanunua kipande kwa maneno tu kutoka kwa aliyetangulia. Sitasema shamba lile lilipatikana kwa njia njema. Kuna damu pale. Lakini miaka karibu 20 watu walijenga, wakazaa, wakazika. Mwishowe serikali ikalinunua kwa shilingi bilioni 1.1, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akagawa hatimiliki, kila mmoja akitakiwa kulipa shilingi 182,000. Ubishi ukazuka papo hapo: vipi uuziwe ardhi unayosema ni ya babu zako? Shangazi hakubishana. Aliipeleka karatasi ikatiwa plastiki.

Kwetu Kisauni mwenye shamba alifariki, warithi wakauza. Mnunuzi alitupa miezi mitatu na ruhusa ya kuondoka na nyumba yetu. Nyanya hakuwapo tena, alhamdulillahi. Tulipeleka kopo la risiti kwa wakili. Akazisoma zote, kwa adabu, kisha akatwambia zinathibitisha jambo moja tu: kwamba tulikuwa wapangaji wazuri. Mahali petu pana ghorofa sasa, na kodi ya chumba kimoja ndani yake kuli hawezi kuilipa.

Mwaka 2021, ng'ambo ya daraja, nyumba za zamani za Buxton zilianza kubomolewa kupisha maghorofa ya bei nafuu. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mshahara wangu wa ualimu unakatwa asilimia 1.5. Sina kinyongo na ghorofa, maji yakipanda hadi juu. Ila kila nikiona ramani za nyumba hizo natafuta chumba cha yule mama wa viazi karai, na sijakiona.

Siku ya kuhama tulibomoa wenyewe. Udongo tuliuacha. Boriti tulizipakia lori, tukavuka nazo feri hadi Likoni, na ndizo zinazobeba paa la jiko la shangazi mpaka leo.