Tarehe ya Jeraha

Marehemu babu yangu, mwenyeji wa Bangale, alikuwa askari wa K.A.R. Mwaka 1944 alipigwa risasi ya mguu katika bonde la Kabaw, nchi ya Burma, jeshi letu lilipokuwa likiwafukuza Wajapani kuelekea mto Chindwin. Aliachishwa jeshi mwaka 1946, akapimwa na daktari mwaka 1950, na malipo ya ulemavu yakahesabiwa tangu siku ya kupimwa.

Babu hakugombania kiasi, bali tarehe. Alipeleka rufani pamoja na cheti chake cha jeshi, ambacho kilitaja jeraha lile (alikihifadhi ndani ya kibuyu, mchwa wasikile). Akauliza: je, mguu huu uliumia mbele ya daktari? Ng'ombe wawili waliuzwa kwa nauli za kufuatia jibu. Alilipwa malimbikizo ya miaka 2. Miwili mingine aliidai mpaka alipofariki mwaka 1971.