Fungu la Mchicha

Wanafunzi wapenzi, mara nyingi mmeniuliza mwalimu huwezaje kulisha nyumba ya watu sita jijini Kampala kwa mshahara wake. Leo nitawajibu, ingawa jibu lenyewe lina sehemu nisiyoona fahari kuisimulia.

Kila Jumamosi hutenga shilingi 40,000 za Uganda kwa ajili ya mboga na matunda ya juma zima. Fedha hizo haziendi mbali katika maduka makubwa, lakini hutosha katika soko la Kalerwe, kaskazini mwa jiji, ikiwa mnunuzi anaijua kalenda ya mvua. Kampala hupata mvua nyingi mara mbili kwa mwaka: kuanzia Machi hadi Mei, majira yanayolingana na masika ya pwani, na kuanzia Septemba hadi Novemba, yanayokaribiana na vuli. Mvua ikikolea, mchicha, ambao Waganda huuita doodo, huwa tele na bei yake hushuka. Nyanya, kinyume chake, huharibika shambani kwa wingi wa maji. Fungu hupungua huku bei ikipanda. Maembe nayo hujaa sokoni kuelekea Krismasi, na tena katikati ya mwaka. Basi nyumbani kwangu hupikwa kile ambacho msimu umekileta. Nyanya zikiadimika, tunakula mchuzi wa karanga zilizosagwa, wala hakuna anayelalamika.

Sokoni nilijifunza pia vipimo ambavyo havimo katika vitabu vya hesabu. Ndizi za matoke huuzwa kwa mkungu au kwa chane. Viazi, nyanya na mboga za majani huuzwa kwa fungu. Kilo ina mizani yake, lakini fungu halina: ukubwa wake hutegemea mkono wa muuzaji na ulimi wa mnunuzi. Hapo ndipo nilipokosea.

Miaka michache kabla ya janga la korona, nilikuwa na desturi ya kwenda sokoni jioni. Nilijua kwamba mboga za majani hazingoji kesho, na kwamba muuzaji atakubali bei yoyote kuliko kuzitupa. Nilizoea kununua kwa bibi mmoja aliyechuma mchicha katika kishamba chake nje ya jiji na kuuleta kwa bodaboda kabla ya mapambazuko. Jioni moja, mawingu yakiwa yametanda juu ya kilima cha Mulago, aliniuzia mafungu matatu kwa shilingi 1,000. Nikamwambia nitatoa 500 kwa mafungu matano. Alinyamaza. Nikageuka kama ninayeondoka, mbinu ambayo kila mnunuzi anaifahamu. Akaniita: “Rudi, mwanangu. Chukua.” Nilirudi nyumbani nikijiona hodari.

Jumamosi iliyofuata meza yake ilikuwa tupu. Jirani yake alinieleza bila hasira: “Jioni ile, mwalimu, alikwisha kulipa ushuru wa soko. Alipohesabu zilizobaki, hazikutosha nauli. Mimi ndiye niliyemkopesha.” Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimeokoa kiasi kidogo kisichoweza kubadili maisha yangu, kutoka kwa mtu ambaye kwake kilikuwa ndiyo njia ya kurudi nyumbani.

Bibi alirejea baada ya majuma mawili. Nilimsalimu, nikamwomba radhi, nikalipa bei aliyoitaja. Yeye akacheka, akaongeza fungu moja juu ya yale niliyonunua. Hiyo ndiyo nyongeza, na Waganda nao wana neno linalofanana nalo. Nyongeza haidaiwi kwa nguvu. Hutolewa kwa mteja anayetazamiwa kurudi.

Mwezi Machi 2020, serikali ilipochukua hatua za kuzuia korona, usafiri wa umma ulisimamishwa, na wauzaji wa vyakula walitakiwa kulala sokoni kwa siku 14 badala ya kurudi makwao. Nilikwenda Kalerwe kwa miguu. Niliona vyandarua vimefungwa juu ya meza za mboga, na wanawake wakiamka katikati ya mikungu ya ndizi ili jiji lipate chakula. Bibi yule alikuwa miongoni mwao. Siku ile sikupunguziwa bei, wala sikuomba.

Msinielewe vibaya: bado ninabana matumizi, na bado ninapatana bei, kwa maana kupatana ni sehemu ya mazungumzo ya soko. Lakini sasa unafuu ninautafuta katika msimu, si katika shida ya muuzaji. Huenda mapema, mboga zikiwa mbichi. Hununua kilicho kingi na kuahirisha kilicho adimu. Hubeba kikapu changu mwenyewe ili nisiongeze taka za mifuko katika mifereji ambayo hufurika kila mvua inaponyesha. Tena huuliza zao limetoka wapi, kwa kuwa muuzaji anayejibu swali hilo mara nyingi hunieleza pia ni zao gani litakaloshuka bei juma lijalo. Habari hiyo imeniokolea fedha nyingi kuliko ubishi wangu wa jioni.

Zoezi lenu ni hili. Nendeni katika soko lililo karibu nanyi, mchague zao moja la msimu, kisha mumwulize muuzaji kwa adabu mambo matatu: limetoka wapi, limevunwa lini, na yeye amegharimia nini hadi kulifikisha mezani. Andikeni aya mbili mkitumia maneno msimu, fungu, ushuru na nyongeza. Na kabla ya kuuliza, nunueni angalau fungu moja. Muda wa muuzaji nao una thamani yake.