Nyumba ya Titye ipo, mikono ya kutulea je?

Waha hatukuanza jana kwenda mbali kutafuta. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, njia ya kwenda pwani ilifunguka, na nyanda za juu za Buha zikawa chimbuko la vibarua wa mashamba ya mkonge. Baada ya mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, na vijana wa Kasulu na Kibondo wakapakiwa kwa mkataba kwenda Tanga na Morogoro. Wakaitwa manamba. Wengine walirudi na baiskeli, nguo na fedha ya mahari. Wengine walilowea huko huko, wakaoa, wakazikwa huko.

Aliyerudi, alirudi na nguvu. Mkataba wake ulikuwa mfupi, na akishuka Kigoma bado aliweza kushika jembe, kufyatua matofali na kujenga. Sisi tuliokwenda Ulaya mkataba wetu umekula umri wote wa kazi. Tunataka kurudi na magoti yanayouma, presha na sukari, halafu tunapanga safari hiyo kama vile tunarudi na miili ya manamba.

Mimi ni binti wa Titye, wilaya ya Kasulu, na naishi Leicester, Uingereza. Kazi yangu ni kulea wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Watu wa Kigoma tulioko huku tukikutana kwenye msiba au harusi, mazungumzo ya kustaafu huwa ni ya ujenzi: bati la rangi gani, matofali ya kuchoma au ya saruji, fundi yupi mwaminifu, uzio uwe wa ukuta au wa michongoma. Nimesikiliza mazungumzo hayo kwa miaka mingi, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza nani atakuwamo ndani ya nyumba hiyo siku mwenyewe atakaposhindwa kujiinua kitandani.

Sisemi watu wasirudi. Titye ni mahali pazuri pa kuishi ukiwa na miaka 66 na miguu mizima. Hewa ya juu kule ni ya ubaridi unaopendeza, mvua huanza Oktoba ikaenda hadi Mei, na ardhi inatoa maharage, mahindi na muhogo bila kubembelezwa sana. Ugali wa muhogo kwa dagaa wa Kigoma waliopikwa na mawese ni mlo ambao sijapata mfano wake popote. Gridi ya taifa ilifika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli, na hilo kwa mzee si jambo dogo: mwenye kisukari anayechoma insulini anahitaji jokofu. Barabara nazo si zile tulizozijua utotoni. Zaidi ya yote, kule mzee ana kazi. Anaitwa kwenye kikao cha ukoo, anasuluhisha ugomvi wa mipaka, anapeleka neno kwenye posa. Leicester nimeona wazee waliokuwa wahandisi na walimu wakuu ambao wiki nzima hakuna aliyewauliza shauri lolote.

Lakini haki itendeke kwa pande zote mbili. England inamlea mzee kwa njia ambazo hatuzisemi tunapopasifia nyumbani. Ukifika miaka 60 dawa unazoandikiwa na daktari huzilipii. Ukifika umri wa pensheni unapanda basi la mtaani bure. Hospitali kubwa iko karibu, na gari la wagonjwa likiitwa linakuja. Kutoka Titye ukizidiwa unapelekwa Kasulu mjini au hospitali ya misheni ya Kabanga. Ikishindikana ni Maweni, Kigoma, umbali wa takriban kilomita 100 kutoka Kasulu. Ikishindikana tena ni Bugando, Mwanza, na ugonjwa wa moyo unaohitaji upasuaji unaweza kukufikisha Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Na malaria: Kigoma ni miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa nayo zaidi nchini, na mwili ulioishi Ulaya miaka thelathini umepoteza kinga uliyokuwa nayo utotoni. Homa ambayo jirani anaitembeza shambani inaweza kumlaza mstaafu wa Ulaya hoi.

Kuna pia hesabu ya fedha, ambayo wengi wetu tunaijua nusu. Pensheni ya serikali ya Uingereza italipwa hata ukiwa Titye, mradi umetimiza miaka isiyopungua 10 ya michango. Ili uipate kamili kwa utaratibu wa sasa unahitaji 35. Ila ukihamia nchi isiyo na makubaliano na Uingereza, na Tanzania ni mojawapo, pensheni hiyo inagandishwa. Wenzako waliobaki wanaongezewa kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei, mishahara au asilimia 2.5, kilicho kikubwa kati ya hivyo, nawe unabaki na kile ulichoondoka nacho. Chukua mtu anayepokea pauni 200 kwa wiki. Kwa nyongeza ya asilimia 2.5 tu kila mwaka, baada ya miaka 20 aliyebaki atakuwa anapokea karibu pauni 328, na aliyehama bado 200. Kushuka kwa shilingi kunaziba sehemu ya pengo hilo, kwa kuwa pauni ileile inanunua shilingi nyingi zaidi, lakini usiliache hilo libebe mpango wako wote. Nyumbani wastaafu wa serikali wanapigana na kikokotoo cha mafao, kile kilichowapa mkupuo wa asilimia 33 mwaka 2022 kikaja kurekebishwa 2024 kuwa 40 kwa kundi moja na 35 kwa jingine. Sisi kikokotoo chetu ni huko kugandishwa, na hatujawahi kukifanyia kikao.

Matibabu nayo hayafuati pasipoti wala miaka uliyolipa kodi. Huduma ya bure ya hospitali za Uingereza inategemea kama unaishi kule kwa kawaida. Ukihamia Titye kisha ukaja Leicester kwa matembezi, ukilazwa unaweza kudaiwa gharama kama mgeni. Na kwa sisi tulioshikilia uraia wa Tanzania na kuishi kwa kibali cha ukaazi wa kudumu, ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo kibali hicho kinakufa. Waliochukua uraia wa Uingereza wanaweza kurudi wakati wowote, ila walipouchukua waliupoteza wa Tanzania, kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi yanayowapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nchi nyingine. Ni hatua ya maana na naishukuru. Hata hivyo mtu asihamishe akiba yake ya maisha kwenda kwenye kiwanja kabla hajakaa na mwanasheria akajua hadhi hiyo inampa nini na inamnyima nini.

Ardhi ya Titye ni ardhi ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ina kifungu ambacho kila mtu wa ughaibuni anapaswa kukisoma kwa makini. Shamba lisilokaliwa wala kutumiwa kwa miaka isiyopungua mitano linaweza kuhesabiwa kuwa limetelekezwa. Vivyo hivyo shamba la mtu aliyeondoka nchini bila kuweka wa kulisimamia na bila kuijulisha halmashauri ya kijiji. Sheria hiyohiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu mabinti wa Kiha tumelelewa tukijua kwamba shamba la baba ni la kaka. Nilipokwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji kuomba kipande changu kiandikwe kwa jina langu, kaka zangu hawakufurahi. Tulikaa vikao. Mwishowe walikubali, na jina langu limo. Mwanamke anayepanga kuzeekea kwao bila jina lake kwenye daftari la kijiji anapanga kuzeeka akiwa mgeni wa shemeji na kaka.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kumlea mzee asiyejiweza ni kazi ya mwili na ya akili. Mgonjwa wa kiharusi asiyejigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, usiku na mchana, la sivyo vidonda vya kulalia vinamla hadi mfupa. Kumwogesha mtu mzito peke yako kunavunja mgongo. Sisi kazini tuko wawili na tuna winchi ya kumnyanyulia. Mwenye ugonjwa wa kusahau anakutukana, anakupiga, anatoka nje saa nane za usiku, na unatakiwa umjibu kwa upole. Kuna dawa za kuhesabu, nepi za kubadili, chakula cha kusaga, mdomo wa kusafisha. Mwezi Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara Uingereza kilipanda kuwa pauni 12.21 kwa saa, na wengi wetu katika kazi hii tulilipwa hapo au juu kidogo. Tunanung'unika kuwa ni kidogo, na kweli ni kidogo.

Kisha msikilize mtu wa ughaibuni anayesema: mimi siwezi kuzeekea Ulaya, kule wazee wanatupwa, nyumbani nitalelewa na ndugu. Ndugu wepi? Kaka yake hatamwogesha. Mtoto wa kaka yuko Dar es Salaam au Mwanza. Atakayemwogesha ni mke wa yule aliyebaki kijijini, ambaye ana watoto wake, kuni zake, maji yake na shamba lake, na ambaye hakuna aliyemuuliza. Atafanya saa ishirini na nne kile nilichokifanya mimi kwa zamu, bila winchi, bila mwenzake, bila siku ya kupumzika, na malipo yake yatakuwa kitenge cha Krismasi. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wake kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Saa mbili za kazi yangu Leicester zinapita hapo. Na huyu mke wa ndugu hata hizo elfu sitini hapati, kwa kuwa anaitwa ndugu.

Mimi siwezi. Nimelipwa maisha yangu yote kwa kazi hii. Siwezi kuidai bure kwa mwanamke mwingine kwa sababu tu ameolewa kwetu.

Hatuna pa kusukumia mzigo huu upande wa Bara. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa pensheni kila mzee aliyefika miaka 70, awe alifanya kazi ya mshahara au la. Bara mpango wa namna hiyo haupo. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, na mara nyingi mzee anamwona daktari bure kisha anaambiwa dawa akanunue nje. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023, na natamani ifanikiwe. Lakini hakuna bima inayomgeuza mgonjwa usiku wa manane. Hiyo ni mikono ya mtu.

Kwa hiyo nimeamua kutenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Miaka ya nguvu nitaiishi Titye, nikihakikisha sipitishi miaka miwili nje ya Uingereza wakati bado nakihitaji kibali changu. Nyumba niliyojenga ni ndogo: vyumba vitatu, sakafu moja isiyo na ngazi, milango mipana ya kupitisha kiti cha magurudumu, choo cha kukaa ndani. Fundi alishangaa, alitaka kuweka baraza lenye nguzo. Kiasi ambacho kingekwenda kwenye nguzo kimewekwa kwa ajili ya mishahara.

Miaka ya udhaifu niliiulizia kabla haijafika. Nilikaa na mke wa mtoto wa kaka yangu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mchapakazi. Nikamweleza wazi kazi ilivyo, na vidonda, na matusi ya mtu aliyesahau. Nikamwambia ana haki ya kukataa na hakuna atakayemchukia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shangazi, kukulea nitakulea. Lakini shamba langu la maharage nani atalipalilia?"

Hilo ndilo swali ambalo sikulisikia kwenye harusi zote za Leicester. Tumelijibu kwa maandishi, na mumewe akiwapo. Atalipwa kila mwezi kwa jina lake na kwa simu yake, si kwa simu ya mume. Vibarua wa palizi nitawalipa mimi, misimu yote miwili. Atakuwa na msaidizi wa kupokezana naye, na siku moja kila wiki ni yake. Nikiwa bado na nguvu nitamfundisha mwenyewe jinsi ya kumgeuza na kumnyanyua mtu bila kujiumiza mgongo, na ufundi huo utabaki kwake hata mimi nisipouhitaji. Akichoka ataniarifu miezi mitatu kabla, nami nitahamia Kasulu mjini kupanga karibu na hospitali na kuajiri muuguzi. Kaka yangu mkubwa aliuliza kama si aibu kuandikiana mkataba na mkwe. Nilimjibu kwamba hata mkonge ulikuwa na mkataba, na tofauti ni kwamba huu tumeusoma wote kabla ya kutia sahihi.