Kwaresima, Nkwenda

Jumapili, 9 Machi 2025. Nkwenda

Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara, naimba kwaya, na liturujia naijua hadi baraka bila kufungua kitabu. Hata hivyo nikipiga magoti peke yangu chumbani, najikuta nazungumza na Mungu wa Mama. Maneno ni ya Mama, hata pale ninaponyamaza kuvuta pumzi ni pake. Simlaumu, ndiye aliyenifikisha hapa. Lakini mimi ni mtu mzima, nafundisha watoto wa watu, na sitaki tena kusimuliwa habari za Mungu.

Nimerudia Yohana sura ya 4. Wahubiri hupenda kisima na mwanamke mwenye historia ya waume watano, kisha hufunga Biblia. Mimi nimekwama kule mwishoni, Wasamaria wanapomwambia yule mwanamke kwamba sasa hawaamini kwa ajili ya maneno yake, kwa kuwa wamesikia wenyewe. Siku mbili tu walizokaa na Yesu ziliwatosha. Sioni palipoandikwa kwamba mwanamke alichukia. Nadhani hiyo ndiyo furaha ya kweli ya anayemleta mtu kwa Mungu, kuona siku moja hahitajiki tena kusimama katikati.

Jumamosi, 15 Machi. Kayanga

Nimekuja kumjulia hali shangazi. Jirani yake ni Bibi mmoja wa uamsho, wale wa zamani, ambao wakikutana barabarani wanashikana mikono na kuimba Tukutendereza kwa Kiganda hata kama hakuna Mganda karibu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikalisha mkekani, akaniuliza kabla hata ya kuuliza jina: "Mwanangu, umekutana naye?"

Sikuwa na jibu. Nikamgeuzia swali: yeye alijuaje kwamba aliyekutana naye ni Mungu, wala si kelele za mkutano?

"Kwa jembe," akasema.

Alikuwa ameazima jembe la wifi yake, akamwambia limeibwa. Jembe lilikaa miaka chini ya kitanda, hakulilimia hata tuta moja kwa kuogopa kuonekana nalo. Usiku aliotubu mbele ya wenzake hakungoja kuche. Alilibeba begani, akapita migombani gizani, akagonga mlango. "Wengine waliona nuru, wengine walisikia sauti," akaniambia. "Mimi niliona jembe. Lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote, na aliyenionyesha ni yeye."

Jioni hii nimepanga ninayoyajua kuhusu watu hawa wa uamsho. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakakaa pamoja siku mbili juu ya Biblia na sala. Wote wawili walikuwa watu wa kanisa tayari, na wote wawili waliona wamekauka. Moto ukashika Gahini nchini Rwanda, alikokuwa daktari Church, na alikofundisha Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi. Blasio alikwenda Uganda akiwa na hoja zake juu ya usingizi wa kanisa, homa ikamuua Januari 1936, angali kijana. Gahini si mbali na huku, katikati ni mbuga ya Akagera na mto. Habari ilivuka kwa miguu, kutoka Rwanda na kutoka Uganda, mpaka Buhaya na Karagwe, ikaingia kwa Walutheri bila kuwahamisha kanisa. Josiah Kibira alikuwa mtu wa uamsho huo kabla ya kuwa askofu, na ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, 1977, mkutano ulipofanyika Dar es Salaam.

Kinachonishangaza ni kwamba watu hawa walimtafuta Mungu, kila mtu kwa nafsi yake, lakini hawakumtafuta kwa siri. Walikiri mbele ya wenzao na kurudisha mali za watu, wakiita huko kutembea nuruni. Mimi nilikuwa nafikiri jambo la mtu na Mungu wake ni la kufungia mlango.

Jumapili, 23 Machi. Nkwenda

Wiki nzima nimeamka alfajiri kuomba. Ukungu mlimani, jogoo, mvua juu ya bati. Basi. Sikusikia kitu, na naandika hivyo hivyo bila kupamba.

Mchana spika za mkutano wa injili zimetutesa hadi jioni. Mhubiri aliwaita watu wapeleke sadaka ili yeye awaombee, wapewe na mafuta ya kupaka milangoni. Wamekwenda wengi, na wengine ni wagonjwa ambao hawakuwa na nauli ya hospitali. Nimeumia moyo. Mtu anatoka nyumbani akimtaka Mungu, anarudi na kichupa na deni. Wasamaria hawakuuziwa chochote.

Jumapili, 6 Aprili. Nkwenda

Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa amekuja kwetu. Sitaandika jina lake. Mwaka baba alipolazwa, Mama alimwendea kukopa, naye akanunua kahawa yetu butura, ingali maua, kwa pesa ambayo haikufika hata robo ya thamani yake wakati wa mavuno. Baba alikufa. Kahawa ikachumwa na vibarua wa mzee, ikaanikwa kwenye uwanja wake, nasi tukapita njiani tukiiona. Tangu hapo kila alipoinuka kusoma somo kanisani, mimi nilitazama chini.

Leo alikaa kwenye benchi la nje, kofia mapajani. Alisema, "Mama, nilichukua kahawa ya mgonjwa." Akarudia, maana Mama hakuonyesha kwamba amesikia. Kisha akatoa bahasha yenye hesabu iliyoandikwa kwa kalamu: magunia ya kahawa ya maganda, bei ya msimu ule, alichotoa, kinachobaki. Hakuna aliyemlazimisha. Anasema katika ushirika wa uamsho wa kila Alhamisi alikuwa anaomba apate amani, na kila alipofumba macho aliiona miti yetu.

Mama aliihesabu ile pesa yote, polepole, mbele yake. Halafu akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna, akamkaribisha. Mzee alichukua punje mbili akatafuna. Mimi nilibaki mlangoni, nikashindwa hata kusema asante.

Jumatatu, 7 Aprili

Alfajiri nimemwombea mzee yule. Sikupanga. Nilianza na maneno ya kila siku, yakanikatikia, nikasikia ninalitaja jina lake na kuliombea heri, mimi niliyelichukia jina hilo tangu mazishi ya baba. Sala hiyo Mama hakunifundisha. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa na hofu, na sikuwa peke yangu mle chumbani. Siwezi kulieleza zaidi ya hapo na sitajaribu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kanisa limejaa hadi nje. Msalabani Yesu aliwaombea waliokuwa wakimwua, na leo nimelisikia kwa mara ya kwanza kama jambo lililotendeka.

Nimempigia shangazi simu amfikishie Bibi wa Kayanga jibu langu: ndiyo, nimekutana naye.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Tumeshinda shambani, mimi na Mama, tukipalilia. Miti imebeba vizuri. Wiki iliyopita alipita mtu wa kununua butura, pesa taslimu mkononi, na ada ya mdogo wangu bado haijalipwa. Mama alimkatalia. Ada tutalipa kwa ile bahasha, na mwaka huu kahawa yetu haijauzwa hata mti mmoja.