Kuni za Chwaka, Moto wa Mjini

Safari ya kwenda Chwaka kutoka mjini Unguja si ndefu. Ni kilomita 30 na ushei kuelekea mashariki. Daladala hupita Mwera, kisha Dunga penye magofu ya kasri ya Mwinyi Mkuu, halafu Jendele. Mwanzoni utaona minazi, miembe na migomba iliyoshiba udongo mwekundu. Mbele kidogo udongo huo unakwisha, na ardhi ya maweni inaanza: vichaka vifupi vilivyoota juu ya mawe, mashamba madogo ya muhogo, na moshi mwembamba hapa na pale. Hatimaye barabara inafika kwenye maji, na mbele yako imetandazwa Ghuba ya Chwaka, na ng'ambo yake rasi ya Michamvi.

Watu wengi wa mjini huijua Chwaka kwa samaki wake na kwa upepo wake mzuri. Tangu enzi za ukoloni wakubwa walijenga nyumba za mapumziko huko. Lakini leo, mama mwenzangu, nakuomba tuitazame Chwaka kwa jambo lingine ambalo linatuhusu sisi wenye kushika mwiko na sufuria. Tunasikia kila siku habari za mabadiliko ya tabianchi na hewa ya ukaa. Tunaambiwa kila mtu apunguze nyayo anazoacha duniani kwa moto anaouwasha. Je, nyayo za jiko letu zinaelekea wapi? Kwa wengi wetu tunaoishi Unguja, zinaelekea kwenye ardhi kama ile ya Chwaka.

Msitu unaosimama majini

Maji yakitoka, ghuba hubaki tope na mchanga kwa mwendo mrefu sana, na watu huenda kwa miguu mahali ambapo asubuhi palipita ngalawa. Ndipo unapouona vizuri msitu wa mikoko. Ndio mkubwa kuliko yote ya aina yake katika kisiwa cha Unguja. Ndani yake miti si ya namna moja. Upo mkoko wenyewe, wenye mizizi inayosimama kama miguu ya buibui. Upo mkandaa, upo mchu, upo mlilana. Mwaka 2004 msitu huu uliunganishwa na ule wa Jozani, makazi ya kima punju, zikawa hifadhi moja ya taifa: Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka.

Msitu huu una kazi tatu. Kwanza ni chumba cha kulelea watoto wa bahari. Kaa, kamba na samaki wengi hujificha kwenye mizizi wakiwa wadogo. Pili ni ukuta, kwa sababu mawimbi hupungua nguvu yakifika hapo, na ardhi haimegwi ovyo. Tatu ni kazi ambayo macho hayaioni. Mti unapokua huvuta hewa ya ukaa kutoka angani na kuijengea shina na majani. Katika nchi kavu jani likianguka huoza upesi na ukaa wake hurudi angani. Katika mikoko jani huzama kwenye tope lisilopitisha hewa, na ukaa hukaa humo kwa miaka mingi, hata mamia. Ndiyo sababu ekari moja ya mikoko huweza kutunza ukaa mara kadhaa kuliko ekari moja ya misitu mingi ya nchi kavu. Ukiikata, hupotezi mti tu. Unafungua ghala lililojazwa tangu zamani za mababu.

Nani anayeula msitu?

Miti hii hukatwa kwa kuni, kwa boriti za nyumba, kwa makaa na kwa matanuu ya kuchomea chokaa. Kukata bila kibali ni kosa, lakini shoka halijanyamaza. Nilipotembea ufukweni nikawakuta kina mama wakifukua makumbi waliyoyazika topeni kwa miezi ili wasokote kamba. Nilimwamkia bi mkubwa mmoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Watoka mjini?"

Nikamwambia naam, nikamwuliza habari za mikoko. Akaendelea kupiga makumbi yake, kisha akasema, "Sisi hapa twapikia vifuu na makuti, na kuni twaokota. Makaa twayaona yakipakiwa garini tu. Nyinyi wa mjini ndio mnaoyala."

Maneno yake yana hesabu ndani yake. Mchoma makaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, na kuyaacha yaungue polepole. Sehemu kubwa ya mti hupotea pale pale kama moshi. Kwa tanuu la kienyeji, kilo 1 ya makaa huhitaji kilo 5 hadi 10 za mti. Kwa hiyo gunia la kilo 50 linalosimama ukutani jikoni kwako lilikuwa kilo 250 hadi 500 za miti. Si kila gunia limetoka Chwaka. Mengine yametoka vijiji vingine vya maweni, na mengine yamevuka bahari kutoka bara. Lakini hakuna gunia lisilo na msitu wake.

Kuanzia mwaka 2010 Idara ya Misitu na shirika la CARE, kwa fedha za Norway, waliendesha mradi ulioitwa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili. Shehia kadhaa zilipewa mikataba ya kusimamia misitu yao wenyewe, kwa matumaini kwamba mataifa tajiri yatalipia ukaa unaobaki mitini. Ni jambo jema. Hata hivyo, mlinzi wa kijiji atalinda kwa tabu sana iwapo mjini yupo mnunuzi anayengojea kila gunia.

Kwani sisi ndio tuliochafua dunia?

Swali hili ni la haki, na lisipojibiwa mtu hawezi kushika ushauri wowote. Mtanzania mmoja, kwa wastani, hutoa kama tani 0.2 tu za hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mmarekani mmoja hutoa tani 14 hivi. Hatukuanzisha sisi moto huu.

Lakini wanaoungua wa kwanza ni sisi. Kilimo cha mwani kilianza mashariki mwa Unguja mwaka 1989, na wakulima walio wengi ni wanawake. Kwa fedha ya mwani kina mama wamesomesha watoto na kujenga nyumba. Ipo aina iitwayo kotoni, yenye bei nzuri zaidi, ambayo haivumilii maji ya joto. Watafiti kama Dk. Flower Msuya, aliyefanya kazi kwa miaka mingi na wakulima hao, wameeleza jinsi kotoni ilivyokuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi, na wakulima wakabaki na aina ya bei ya chini. Mama wa pwani hana gari wala kiwanda, ila bahari yake ndiyo iliyopata joto.

Kwa hiyo tusipunguze moshi kana kwamba tunalipa deni la wengine. Tuupunguze kwa sababu msitu ni wetu, mapafu ni yetu, na pesa inayoteketea ni ya nyumba zetu.

Moshi na afya ya mtoto

Mimi ni muuguzi, na hapa sina budi kusema kidogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walifariki kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Mtoto aliyebebwa mgongoni karibu na mafiga huvuta moshi ule ule anaovuta mama yake, na mapafu yake bado ni machanga. Nimonia hupata mlango hapo.

Msidanganyike kwamba makaa hayana moshi, basi ni salama. Makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Usiweke kamwe seredani yenye moto katika chumba kilichofungwa mnamolala, hata kama kuna baridi ya mvua za masika.

Tuanze jikoni

Orodha nyingi za kupunguza hewa ya ukaa hutuambia tusipande ndege na tuuze magari. Kwa nyumba nyingi za kwetu moto mkubwa uko jikoni, basi tuanze hapo.

1. Loweka maharage, choroko na mbaazi usiku kucha. Mwaga maji hayo, kisha pika. Huiva kwa muda mfupi zaidi.

2. Funika sufuria. Mfuniko ni kitu kidogo, lakini chungu kilicho wazi hupasha joto hewa ya jikoni badala ya chakula.

3. Tumia jiko banifu lenye kuta za udongo wa kuchoma badala ya seredani ya bati tupu. Zima makaa yaliyobaki kwa kuyafunika, uyatumie kesho.

4. Tengeneza kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa, kitandike matambara au makumbi yaliyochambuliwa. Chakula kikishachemka vizuri, kiingize humo na sufuria yake iliyofunikwa, ukifunike na mto. Wali na maharage humalizikia humo bila moto.

5. Kama uwezo upo, hamia kwenye gesi au sufuria ya presha ya umeme, ambayo hula umeme kidogo kwa vyakula vigumu. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye ni mzaliwa wa Unguja, alizindua mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kikwazo ni kwamba makaa hununuliwa kwa kopo, lakini mtungi hudai fedha nyingi kwa mara moja. Hapa upatu wetu wa kina mama unaweza kusaidia: badala ya kugawana fedha taslimu, kila mzunguko mwenzetu mmoja apate mtungi na jiko lake.

6. Nenda sokoni na kikapu cha ukili. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na bara ikafuata Juni 2019. Plastiki hutengenezwa kwa mafuta, na ikifika ghubani haiozi.

7. Zima taa isiyo na mtu. Umeme wa Unguja huja kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 ulikatika kwa karibu mwezi mzima, na tangu Desemba 2009 kwa karibu miezi mitatu. Tulioishi siku zile, tukisikiliza jenereta za majirani usiku kucha, tunajua umeme si kitu cha kuchezea.

Baba wa nyumba huenda akasema kwamba wali wa kupalia makaa una utamu wake. Ni kweli, wala usigombane naye. Pilau ya sikukuu na ipaliwe makaa. Maharage ya kila Jumanne hayana haja hiyo.

Ukienda Chwaka

Nenda siku ya maji kupwa, uvae viatu visivyoogopa tope, na uvae kwa heshima, kwani ni kijiji cha watu wenye dini na staha. Nunua samaki kwa wenyewe, na kamba ya makumbi badala ya ile ya nailoni. Mkitaka kupanda mikoko na kikundi chenu, msiende na kuchomeka tu. Mbegu ya mkoko, ile ndefu kama kijiti, hufa ikipandwa mahali ambapo maji hukaa sana au hayafiki. Waulizeni wenyeji na watu wa misitu wawaonyeshe pa kupanda.

Kisha waonyeshe watoto wako ile mizizi, uwaambie kwamba chakula chao cha jioni kinaweza kuiva bila mti wowote kati ya hii kuanguka. Ukirudi nyumbani, kabla hujawasha jiko, loweka maharage ya kesho.